Ukimchora Athena, Anzia kwenye Ngao Yake

Kosa nililolirudia kwa miaka mingi katika kazi yangu ya kuchora katuni ni kumchora shujaa wa kike kwa kuanza na kiuno na nyonga, kisha ndipo nitafute mahali pa kupachika upanga. Siku moja binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa darasa la sita, aliutazama ukurasa wangu wa Athena, mungu wa kike wa hekima na vita wa Wagiriki wa kale, akaweka kidole juu ya tumbo lililoachwa wazi, akauliza: "Shangazi, mkuki ukimpata hapa?" Nilikosa jibu, nikaufuta ukurasa mzima.

Ewe mchoraji chipukizi, kabla hujashika penseli tazama kwanza jinsi Wagiriki wenyewe walivyomwona. Sanamu ya mchongaji Pheidias iliyosimama ndani ya hekalu la Parthenon mjini Athene, ambayo leo twaijua kwa nakala na maelezo tu, ilimwonyesha Athena katika vazi refu la kufika miguuni, kofia ya vita kichwani na uso wa Gorgoni, zimwi la kike lenye nywele za nyoka, kifuani. Juu ya ngao yake vilichongwa vita vya Wagiriki dhidi ya Waamazoni. Yaani kwa Waathene wanawake hao wapiganaji walikuwa maadui, na mungu wao wa kike alikuwa upande wa mji.

Katuni za Marekani ziliupindua uhusiano huo. William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyembuni Wonder Woman, shujaa wa katuni mwenye asili ya Waamazoni, mwaka 1941, aliwafanya Athena na Afrodita, mungu wa kike wa mapenzi, kuwa viongozi wa Waamazoni. Mchoraji George Pérez alipoisimulia upya hadithi hiyo mwaka 1987, Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe, aliyefinyangwa kwa udongo na mama yake, alijaliwa na miungu wa kike: alipewa nguvu na Demeter, hekima na Athena, na jicho la mwindaji na Artemi. Mwaka 2011 akafanywa binti wa Zeus, mfalme wa miungu, badiliko ambalo hadi leo linaniuma, kwa sababu urithi uliotoka kwa mama ukahamishiwa kwa baba. Kwa hiyo amua mapema ni nani aliyempa shujaa wako nguvu na anapigana kwa ajili ya nani, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaokuonyesha namna ya kumsimamisha.

Athena wangu wa sasa amevaa vazi zito, na kofia ameisukuma nyuma ya kichwa kama katika sarafu za kale za Korintho. Uzito wake umeegemea mguu wa nyuma, na vidole vyake vimeukaza mshikio wa ngao hadi mishipa ya mkono imetokeza.