Kabla ya Kugusa Jedwali la Mafuta: Ushauri kwa Anayeanza Kutumia Emuleta ya Chipu

Anayeanza kurekebisha kompyuta za injini huwa na haraka ya kufungua jedwali la mafuta, yaani namba zinazoiambia kompyuta kiasi cha mafuta ya kunyunyiza, na kuzibadili. Ninakusihi usibadili hata moja hadi injini iwake na gari litembee kwa faili lake la asili likisomwa kutoka kwenye emuleta, kifaa kinachoshika nafasi ya chipu ya kumbukumbu ya kompyuta hiyo, bila tofauti yoyote na lilivyokuwa kwa chipu yake. Ukiruka hatua hiyo, injini itakapoanza kukatakata hutajua kama kosa liko kwenye namba zako, kwenye lehemu au kwenye waya.

Emuleta kama Ostrich huchomekwa kwenye soketi ya chipu na kuijibu prosesa kwa niaba yake, huku ukiiandikia upya kwa USB injini ikiwa inaunguruma. Aliyezoea chipu za 27C256, ambazo hufutwa kwa taa ya urujuanimno kwa dakika kadhaa, ataona nafuu kubwa. Hata hivyo, waya bapa unaoiunganisha na soketi uwe mfupi na upite mbali na koili na waya za plagi, kwa sababu baiti moja ikisomwa vibaya inatosha kuizima injini.

Jambo linalowasumbua wengi ni mahali faili linapokaa. Faili la 27C256 lina baiti 32,768, ilhali 27C512 ina nafasi maradufu. Pini ya kwanza, ambayo kwenye chipu ndogo ni ya volti za kuandikia na kwa kawaida hushikiliwa kwenye volti 5, kwenye ile kubwa ni laini ya anwani A15. Kwa hiyo ukichomeka 27C512 kwenye soketi ya 27C256, prosesa itasoma nusu ya juu tu. Faili liwekwe kuanzia anwani 8000 ya heksadesimali (namba za kizio cha 16), yaani katikati ya chipu kubwa, au liandikwe mara mbili.

Kompyuta nyingi pia hujumlisha baiti zote na kulinganisha jumla hiyo na iliyohifadhiwa, hivyo hakikisha programu yako inaisahihisha.

Ukifika kwenye majedwali, badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukitazama sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayoonyesha uwiano wa hewa na mafuta, na mtu mwingine ndiye aendeshe. Cheche usiiwahishe kabla mafuta hayajakaa sawa, maana injini inayogonga chini ya mzigo hutoboa pistoni. Ukimaliza, andika faili kwenye chipu ya kawaida, lisome tena na ulilinganishe baiti kwa baiti kabla ya kufunga kisanduku.