Mkono wako wa kushoto

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ukishika gitaa ukianza mazoezi ya skeli, zile noti za kupanda ngazi moja moja, dakika 10 haziishi kiganja cha kushoto kinawaka moto, na kidole cha mwisho kinasimama juu hakitaki kushuka. Unaniuliza ukaze zaidi? Usikaze. Tayari unakaza mno, nimesikia noti zako zinapanda kidogo, na uzi ukibanwa kupita kiasi hupanda.

Leo jaribu hivi. Kidole cha shahada kiguse uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba, freti ya 5, yaani nafasi ya tano kati ya vyuma vya shingoni, bila kukandamiza. Piga kwa piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, mfululizo, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Kwanza uzi utakuwa umekufa, tuk tuk tuk. Kisha utakoroma. Halafu utalia safi. Ishia hapo hapo. Nguvu inayotakiwa ni hiyo tu, na ni ndogo kuliko unavyodhani. Kidole kikae nyuma ya chuma cha freti, karibu kukigusa. Kikibaki nyuma sana ndipo unapolazimika kukandamiza.

Gumba lilale nyuma ya shingo ya gitaa, usawa wa kidole cha kati. Mara moja moja liachie kabisa huku unapiga. Noti zikiendelea kutoka, mkono uko sawa. Na kifundo cha mkono kisikunjike. Ujanani nilikuwa napiga rithimu kwenye ukumbi mmoja hapa mjini mpaka saa tisa usiku, kifundo nimekikunja, gumba nimelibana. Ilifika asubuhi siwezi kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Mwenye ukumbi alitaka muziki usikatike, basi. Hakuna aliyenionyesha, ndiyo maana wewe nakuandikia yote haya.

Skeli anza na ya G. Do iko uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, freti ya 3, ipige kwa kidole cha kati. Re freti ya 5, kidole cha mwisho. Uzi wa tano, mi fa so: shahada freti ya 2, kati ya 3, mwisho ya 5. Uzi wa nne, la ti do: shahada ya 2, pete ya 4, mwisho ya 5. Ni do re mi ile ile ya kwaya. Kidole kilichokwisha kupiga kiache juu ya uzi mpaka uhamie uzi mwingine, ndipo cha mwisho kitakapotulia.

Metronomu, ile ya kuhesabu mapigo, iweke 60 kwa dakika, noti moja kila pigo, piki chini, juu, chini, juu. Unataka solo ya dansi, najua, na tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz solo zetu zinakimbia. Mkono mzito haukimbii. Mkono ukiuma, weka gitaa chini siku hiyo.

Jumapili nitumie sauti ya uzi wa nne peke yake. Unapotoka kidole cha pete kwenda cha mwisho ndipo unapobana, nataka nipasikie vizuri.

Baba yako