Maswali ya Wasomaji: Saini za Kuomba Lami Huhesabiwaje?

SWALI: Barabara ya mtaa wetu ni ya changarawe, na mvua ikinyesha maji yanatuama mbele ya nyumba. Jirani anapitisha karatasi ya kuliomba jiji liweke lami, na sisi wenye nyumba tulipe kwa tozo maalumu. Anasema saini za nyumba 7 kati ya 20 zinatosha. Ni kweli? Na nikisaini, nitalazimika kulipa kiasi chochote watakachotaja?
Msomaji, Minnesota, Marekani

JIBU: Jirani yako anahesabu nyumba, lakini sheria ya Minnesota, sura ya 429, inahesabu futi. Waliosaini lazima wamiliki angalau asilimia 35 ya urefu wa viwanja vinavyopakana na barabara itakayotengenezwa. Viwanja 20 vya futi 80 kila kimoja ni futi 1,600. Asilimia 35 yake ni 560, yaani nyumba 7 kamili, bila akiba hata ya futi moja. Sasa tuseme kuna kanisa lenye futi 400 kwenye barabara hiyo hiyo. Jumla inapanda hadi 2,000, mnahitaji 700, na hapo, kanisa lisiposaini, lazima wasaini wenye nyumba 9. (Kanisa limesamehewa kodi ya ardhi, ila tozo hii linalipa.) Chukueni vipimo kwenye ramani ya viwanja ya kaunti, msikadirie kwa macho.

Anayesaini ni mwenye jina kwenye hati. Saini ya mpangaji haihesabiwi. Hati ikiwa na majina ya mume na mke, wasaini wote wawili. Kusanyeni saini za ziada, kwa sababu moja ikikataliwa ombi zima linaweza kuanguka.

Ombi likitimia, madiwani wanaweza kupitisha mradi kwa wingi wa kawaida wa kura. Bila ombi wanahitaji kura nne kwa kila tano. Hata hivyo hawalazimiki kukubali. Kwanza mhandisi hutoa ripoti na makadirio ya gharama, kisha unaitishwa mkutano wa hadhara, na barua ya mwaliko hutumwa siku 10 kabla au zaidi. Wenye viwanja wote wakisaini na kuomba wabebe gharama yote, jiji linaweza kuuruka mkutano huo, kwa hiyo soma vizuri maneno yaliyo juu ya saini yako.

Kuhusu kulipa: kuomba lami si kukubali bei yoyote. Tozo haiwezi kuzidi kiasi ambacho thamani ya kiwanja chako imepanda kwa sababu ya mradi. Kiasi unachodaiwa kitakuja kwa barua, angalau wiki mbili kabla ya mkutano wa pili, ule wa kupitisha tozo, na hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Wanasimama, wanalalamika kwa uchungu, wanarudi nyumbani. Malalamiko ya mdomo hayakupi rufaa. Andika pingamizi, weka saini, mpe karani wa jiji kabla ya mkutano au mwenyekiti mkutanoni. Tozo ikipitishwa, una siku 30 za kumfikishia meya au karani notisi ya rufaa, kisha siku 10 za kuiwasilisha mahakama ya wilaya.

Ukilipa yote ndani ya siku 30 baada ya kupitishwa, hutozwi riba. Ukichagua awamu, zinaingia kwenye bili ya kodi ya ardhi, na ya kwanza huwa nzito, kwani riba yake huhesabiwa hadi Desemba 31 ya mwaka unaoanza kulipa. Mwenye miaka 65 na zaidi anayeishi kwenye nyumba yake na kulemewa na malipo aulize kama jiji lake linaruhusu kuahirisha. Si majiji yote yanayoruhusu.