Kifauongo "akalala" au "kikalala"?

SWALI: Mwanangu aliandika katika insha yake, "Nilikigusa kifauongo, akalala." Mwalimu alilikata neno la mwisho, akaandika "kikalala". Mtoto ananiuliza: mmea unaojikunja ukiguswa hauna uhai? Nani yuko sahihi? (Mzazi, Wete, Pemba)

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, lakini mtoto hakukosea bila sababu. Tumezoea kufundisha kwamba ngeli ya A-WA ni ya "viumbe vyenye uhai", na mtoto wa Pemba, anayeuona mkarafuu ukiota, ukizaa na hatimaye ukifa, ana haki ya kushangaa kwa nini haumo. Ningependa tuseme wazi kuwa ngeli hiyo ni ya watu, wanyama, ndege, samaki na wadudu. Mimea, ingawa ni hai, hufuata kiambishi cha jina lake: mkarafuu umekufa, mikarafuu imekufa.

Kifauongo, mmea wenye asili ya Amerika ya joto, kwa kweli hutikisa imani ya mtu. Ukiligusa jani kwa ncha ya kidole, vijani hufumbana jozi baada ya jozi kuanzia pale ulipogusa, kisha kikonyo kizima huinama, kwa kuwa maji yamehama ghafla kutoka katika seli za upande mmoja wa kifundo kilichopo shinani mwa kikonyo. Baada ya dakika kadhaa majani hukunjuka tena. Sisi husema "kimelala", na tunasema vyema, ila kitenzi cha kiumbe hakibadilishi ngeli ya nomino.

Kinachobadilisha upatanisho ni kile kinachotajwa. Jina hilohilo hupewa pia mdudu anayejifanya amekufa akiguswa, na huyo ndiye "kifauongo amelala". Ni kama kiboko: wa mtoni amekufa, cha kuchapia kimekatika.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mbali. Huko Carolina, Marekani, kuna mmea wenye majani yanayofumba na kunasa nzi, pindi vinywele vilivyomo ndani ya jani vinapoguswa mara 2 katika muda wa sekunde 20 hivi. Kwa Kiswahili tutasema: mmea umemnasa nzi. Litazame neno hilo moja, umemnasa: mlaji amepewa u-, mliwa amepewa -m-. Hata mmea unapomla mnyama, sarufi yetu haiupandishi daraja.

Hadithini mambo ni mengine, kwani mbuyu ukipewa ulimi wa kusema, msimulizi hutamka "Mbuyu akajibu" na hakuna anayemkosoa. Insha ya mwanao, hata hivyo, ilieleza jambo aliloliona kwa macho yake. Tena mwonyeshe alivyoanza sentensi: "Nilikigusa". Hiyo -ki- aliiweka mwenyewe, bila kuelekezwa na mtu. "Kikalala" inaifuata hiyo tu.