Wembe, povu na shingo yenye vipele: majibu ya maswali yenu kuhusu kunyoa

Maswali ya safari hii yameelemea upande mmoja. Wengine mmechoka kununua nyembe ghali, wengine mmechoka kuumia, na wapo wenye shida zote mbili kwa pamoja. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Natumia wembe wa makali matano. Unanyoa vizuri, ila kila nikinunua vichwa vipya roho inaniuma. Hakuna njia rahisi isiyochubua uso?

Ipo, nayo ni ya zamani kuliko huo wako: kishikio cha chuma kinachobana wembe mmoja mwembamba wenye makali pande mbili. King Camp Gillette wa Marekani alianza kuuza aina hiyo mwaka 1903, akauza vishikio 51 na nyembe 168 tu mwaka mzima. Mwaka uliofuata akapata hataza, yaani haki ya kuwa peke yake katika kutengeneza alichokibuni. Hataza hiyo ilikwisha muda wake zamani, kwa hiyo leo kiwanda chochote kinaweza kutengeneza wembe unaoingia kwenye kishikio chochote cha aina hiyo. Wauzaji wakiwa wengi, bei hushuka. Vichwa vya makali matano vina mambo mengine: kila kampuni ina mshikizo wake, na ukishanunua kishikio chake umejifunga kwake. Sehemu ya fedha unayolipa ni ya kufuli hilo, wala si ya chuma.

Usiulize wembe ni bei gani, uliza kunyoa mara moja ni bei gani. Tuseme kichwa kimoja kinalingana bei na nyembe 10 za pande mbili. Kichwa kikikupa kunyoa mara 10, na kila wembe ukakupa mara 5, basi kwa fedha ileile upande mmoja umenyoa mara 10 na wa pili mara 50. Weka bei unazoziona wewe, ufanye hesabu yako mwenyewe.

Sasa ubaya wake. Wembe huu hausamehe haraka. Unaulaza kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, unaacha uzito wa kishikio ufanye kazi, na hukandamizi hata kidogo. Wiki za mwanzo utajikata mara mbili tatu, hasa pembeni mwa kidevu na juu ya koromeo. Kama wewe ni mtu wa kunyoa huku unatafuta viatu, nakushauri ubaki na vichwa vya kubadilisha, ila ushuke hadi vya makali mawili. Hata wembe wa plastiki wa kutupa si mbaya kama watu wanavyousema. Tatizo ni kwamba unaitwa wa kutupa na hautupwi.

Nina nywele za kipilipili. Nikinyoa leo, kesho shingo imejaa vipele vinavyowasha, vingine vina usaha. Nimebadilisha sabuni, nimepaka spiriti, wapi.

Sabuni haina kosa hapa. Unywele uliojikunja, ukikatwa karibu mno, huchongoka kama mkuki, na unapoota tena hupinda na kuchoma ngozi kutoka nje. Au haufiki nje kabisa, unatoboa ndani kwa ndani. Mwili unauona kama mwiba, unapigana nao, na hapo ndipo kipele kinapozaliwa. Usaha unaweza kufuata baadaye, lakini mwanzo wa yote ni unywele wenyewe. Ndiyo maana hali hii huwaandama zaidi watu wenye nywele za kujikunja, wanaume kwa wanawake.

Makali mengi huongeza tatizo. Wembe wa makali mawili ulipoingia sokoni mwaka 1971, na baadaye ya matatu mwaka 1998, sifa iliyonadiwa ilikuwa kunyoa karibu zaidi: kali la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata kabla haujarudi. Ukirudi, ncha yake inajificha chini ya ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anafurahia ulaini. Wewe unalipia vipele.

Kwa hiyo lengo lako libadilike. Acha kutafuta shavu la kitoto. Ukibakiza nywele kiasi cha milimita moja, ncha haina nafasi ya kuzama. Mashine ya kinyozi isiyofungwa karibu sana inatosha kabisa, na kwa hesabu ya mwaka mzima ni rahisi kuliko nyembe. Ikiwa kazi au mapenzi yako yanadai uso usio na unywele kabisa, tumia wembe wa kali moja, fuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi kwa mkono wa pili, na usirudie mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Shingoni nywele hazielekei upande mmoja. Ziache siku moja au mbili, upitishe kidole: kunakoteleza ndiko zinakoelekea, kunakokwaruza ni kinyume.

Kabla ya yote hayo, pumzisha ngozi. Weka wembe kando wiki tatu au nne hadi vipele vitulie. Usivitumbue. Unywele uliojikunja ukiuona juu, unyanyue taratibu kwa sindano safi na uache hapohapo. Ukiung'oa, utaota upya chini na kurudia safari ileile. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kikisuguliwa polepole kwa mizunguko, husaidia ncha zisizame, na dawa zenye asidi ya salisili huwafaa wengi. Spiriti acha. Inaunguza, inakausha, na haikunjui unywele.

Ikiwa vipele vinaacha makovu yanayovimba na kuendelea kukua, au vinaota kisogoni kila unaponyolewa chini kabisa, hilo ni la daktari wa ngozi, na usilicheleweshe kwa sababu makovu ya namna hiyo hutibika kwa shida. Daktari anaweza pia kukueleza kuhusu kuondoa nywele kwa leza. Kwa ngozi nyeusi ipo aina yake, Nd:YAG, ambayo ni salama kuliko nyingine. Si njia rahisi kifedha, lakini kuna watu iliyowapumzisha.

Mtoto wangu ameanza kuota ndevu. Nimwambie asinyoe mapema ili zisiwe nyingi na ngumu?

Hapana. Mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 1928, na wembe haukuonekana kubadilisha ukuaji wa nywele. Wembe unakata kilichokwisha kufa, mzizi chini haujui kilichotokea juu. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana ukipapasa unahisi mgumu. Na kwa umri wake ndevu zingeongezeka hata angezifunika kwa kitambaa.

Mfundishe tu asikandamize.

Povu la kopo linaisha haraka. Naweza kutumia sabuni ya kuogea? Jirani yangu ananyoa kwa mafuta.

Kinacholainisha ndevu ni maji. Povu kazi yake ni kuyashikilia maji yasikauke na kuuwezesha wembe kuteleza. Unywele uliolowa vizuri hukatika kwa nguvu ndogo kuliko mkavu, lakini kulowa kunahitaji dakika kadhaa, na hapo ndipo wengi tunapokosea kwa haraka. Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo lenye maji ya moto ya kiasi usoni dakika mbili tatu. Wahenga waliosema mwenzio akinyolewa, chako tia maji, hawakuwa wakizungumzia ndevu, ila kwa ndevu pia walipatia.

Sabuni ya kuogea inafaa siku moja moja, lakini nyingi hukausha ngozi na povu lake hufa kabla hujafika shavu la pili. Sabuni ya kunyolea ya kipande pamoja na brashi ndiyo nafuu ya kweli. Kipande kimoja hudumu miezi, na brashi inazisimamisha ndevu. Kiyoyozi cha nywele, kile cha kupaka baada ya kuosha kichwa, nacho kinateleza vizuri mno, kuliko makopo kadhaa niliyowahi kununua. Mafuta ya jirani hayana ubaya wake kwa kali moja. Kwenye makali matano yatanasa nywele katikati, na utakuwa unasugua uso kwa uchafu wa jana.

Wembe unatakiwa kutumika mara ngapi? Na inakuwaje chuma kishindwe na unywele?

Kwa wengi ni mara tano hadi saba, kisha ubadilishe. Lakini uso wako ndio kipimo. Ukihisi unang'oa badala ya kukata, wembe umekwisha, hata kama ni wa jana.

Swali la pili ndilo lililonifurahisha. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walilichunguza kwa darubini na kutoa jibu mwaka 2020 katika jarida la *Science*. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele takriban mara 50, na bado kinashindwa. Walichokiona ni kwamba makali hayalainiki kwa kusuguliwa polepole, bali yanamegeka vipande vidogo sana. Wembe ukikutana na unywele kwa mshazari, unywele unapinda, na nguvu yote inakusanyika pale ambapo chuma chenyewe hakilingani kwa ndani. Hapo kinabanduka.

Kutu ni adui wa pili. Suuza wembe, ukung'ute maji, uuweke mahali pakavu penye hewa, na si kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Usiufute kwa taulo: unaharibu makali na taulo kwa pamoja.

Mashine ya umeme ni bora kuliko wembe? Na ninunue ya wavu au ya vichwa vya mviringo?

Haikati karibu kama wembe, na kwa wenye vipele hiyo ni sifa. Ya wavu, ambayo makali yake yamefichwa nyuma ya bati jembamba lenye matundu, huwapendelea wanaonyoa kila siku. Ile ya vichwa vinavyozunguka, ambayo Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1939, huzimudu vizuri zaidi ndevu zinazoelekea kila upande. Mimi ningechukua ya wavu, lakini hayo ni mapenzi.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa: kama vipuri vya kukatia vinapatikana na ni bei gani, na kama betri inabadilishika. Mashine nyingi za bei ya kutupwa hufa na betri zao. Ukishainunua ipe wiki mbili tatu, kwani ngozi iliyozoea wembe hulalamika mwanzoni.

Mimi ni mwanamke, nanyoa makwapa na miguu. Kuna haja ya kununua wembe wa kike, ambao mara nyingi ni ghali zaidi?

Hakuna, dada. Makali hayajui jinsia. Vya kike hutofautiana kwa umbo la kishikio, na vingine vina kipande cha mafuta kuzunguka makali, ambacho kinasaidia kidogo. Ukiona vya kiume ni rahisi, chukua hivyo.

Makwapani nywele huelekea pande mbili tatu, hivyo pitisha mafupimafupi. Subiri kidogo kabla ya kupaka dawa ya jasho, la sivyo utaruka. Gotini, kunja mguu nusu.

Je, krimu ya kuondoa nywele si rahisi kuliko haya yote?

Ni rahisi hadi ikuunguze. Krimu hizi huyeyusha protini ya unywele, na ngozi nayo imeundwa kwa protini ya jamaa hiyohiyo. Jaribu mahali padogo, subiri siku nzima, na usizidishe dakika zilizoandikwa. Usipake ya miguu usoni. Kwa wenye vipele inaweza kusaidia kwa kuwa haiachi ncha kali, ila si kila siku.

Naishi na kaka yangu, tunatumia wembe mmoja kubana matumizi. Tunauosha kwa maji ya moto. Inatosha?

Haitoshi, na acheni leo. Wembe huchana ngozi hata pale usipoona damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na maji ya moto ya bafuni hayaviui. Mkitaka kubana matumizi, shirikianeni kishikio kilichosafishwa vizuri, kila mtu na wembe wake. Kwa kinyozi pia, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako. Asikuone msumbufu.

Baba ni mzee, mikono inamtetemeka, na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Namnyoa mimi, lakini nikimkata damu haikatiki upesi. Nitumie nini?

Mashine ya umeme, bila kujadiliana. Kwa mtu wa dawa hizo, kidonda kidogo cha wembe kinaweza kuchuruzika muda mrefu. Ikiwa kwa sasa huna mashine, mpunguzie kwa ile ya kinyozi na umwachie vijinywele vifupi, haina ubaya wowote.

Mkalishe wima penye mwanga, umwekee taulo la uvuguvugu kwanza kisha umkaushe vizuri, maana mashine nyingi za umeme hutaka ngozi kavu. Ngozi ya wazee imelegea, na ukipitisha mashine juu ya mikunjo inabana. Inyooshe kwa vidole viwili, taratibu, ukianzia mashavuni na kumalizia shingoni. Yeye vipele havimsumbui, kwa hiyo kunyoosha huku hakupingani na nilichomwambia ndugu wa nywele za kipilipili. Akijikuna au ukamkwaruza, bonyeza kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia. Kipande cha shabu kilicholoweshwa maji husaidia kukausha damu ya mkwaruzo mdogo, kiwe chake peke yake. Damu ikiendelea zaidi ya hapo, mpeleke hospitali, na uwaambie mapema ni dawa gani anazotumia.