Maswali ya Wasomaji: Gari la Kazi Likigongwa Kwenye Maegesho

SWALI: Mimi ni fundi wa friji, ninaishi Donholm, na kazi hunizungusha Industrial Area, Eastleigh na Westlands nikiwa na Toyota HiAce nyeupe iliyojaa mitungi ya gesi na vifaa vyangu vyote. Wiki hii niliamka nikakuta ubavu wa kushoto umebonyea nyuma ya mlango wa kuvuta, na taa ya nyuma imepasuka. Askari wa geti anasema ni pikapu ya mgeni wa jirani iliyokuwa ikirudi nyuma usiku, na nambari yake ya usajili imo kwenye daftari la geti. Mwenye ploti amenionyesha bango linalosema magari huegeshwa kwa hatari ya mwenyewe, akaniambia nisimsumbue. Nina bima kamili. Je, nidai bima, nimdai mwenye pikapu, au nitengeneze kwa pesa zangu niendelee na kazi?
Fundi wa Friji, Donholm

JIBU: Pole sana, ndugu fundi. Gari la kazi likiumia huumia na riziki iliyomo ndani yake, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Anza na daftari la geti, kwa sababu huo ndio ushahidi ulio hatarini zaidi kupotea. Madaftari ya geti hujaa na kutupwa, na askari huhamishiwa lindo jingine bila taarifa. Piga picha ya ukurasa mzima, si mstari mmoja tu, ili ionekane ni nani aliyeingia na kutoka kabla na baada ya pikapu hiyo, kisha umwombe askari aandike kwa mkono wake alichokiona, saa aliyokiona na mahali alipokuwa amesimama, naye atie sahihi. Ikiwa ploti au duka la jirani lina kamera za usalama, omba picha hizo leo hii, maana mitambo mingi hufuta za zamani ili kupisha mpya. Usilioshe gari kwanza. Chukua futi, pima palipobonyea ni sentimita ngapi kutoka ardhini, upige picha futi ikiwa imesimamishwa hapo hapo, na kama kuna rangi ya gari jingine iliyobaki kwenye bati, ipigwe kwa karibu na kwa mbali. Bampa ya pikapu ikipimwa baadaye na kupatikana kwa urefu uo huo, ubishi hupungua sana.

Baada ya hapo nenda kituo cha polisi, uandikishe tukio kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB, kisha uombe abstrakti, yaani hati ya polisi inayoonyesha kwamba tukio liliripotiwa. Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuona uharibifu ni mdogo, halafu bima au mahakama inapoiuliza, wiki zimepita na kumbukumbu zimefifia.

Kuhusu lile bango, nataka uelewe kwamba halimhusu kabisa aliyekugonga. Bango, hata kama lina nguvu, ni jambo kati yako na mwenye ploti. Dereva aliyerudi nyuma bila kuangalia anawajibika kwa uzembe wake mwenyewe, na hawezi kujificha nyuma ya maandishi ya ukutani ambayo hakuyaandika yeye. Mwenye ploti naye si bima yako: ili umdai, ungepaswa kuonyesha alichokosea yeye, kwa mfano taa za maegesho zilizokufa kwa muda mrefu ilhali wapangaji walikwisha kumlalamikia. Hali ingekuwa tofauti kama ungeliacha gari mahali unapokabidhi ufunguo na kupewa tikiti, kwa maana hapo mwenye eneo amelipokea gari mikononi mwake na huhitajika kueleza alivyolitunza. Kwa hivyo elekeza nguvu zako kwa mwenye pikapu. Rekodi ya umiliki wa gari hupatikana kwa nambari ya usajili kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama barabarani, lakini kwa kuwa mwenyeji wake ni jirani yako, ningeanza kwa kumwendea jirani huyo jioni, kwa utulivu, nikiwa na picha mkononi.

Sasa bima. Mikataba mingi ya bima kamili ina kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa shilingi yoyote, ambacho mawakala hukiita eksesi. Fungua mkataba wako uone kama kiasi hicho ni asilimia ya dai au ni asilimia ya thamani ya gari, kwa sababu tofauti ni kubwa mno. Tuseme gari limekadiriwa kuwa la shilingi 1,400,000 na mkataba unasema asilimia 5 ya thamani: wewe unabeba shilingi 70,000 za kwanza. Kama fundi wa bodi anakuambia kunyoosha ubavu, kupaka rangi na kuweka taa mpya ni shilingi 45,000, kwa dai hilo bima haitakulipa chochote, na huenda pia ukapoteza punguzo la kutodai ikiwa mkataba wako unalo. Hata hivyo wajulishe kwa maandishi kwamba tukio limetokea, kwa kuwa mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na kuarifu si sawa na kudai. Tazama pia gari liliandikishwa kwa matumizi gani. Kubeba bidhaa na vifaa vyako mwenyewe ni kundi moja, na kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni kundi jingine. Ukiwa katika kundi la kwanza na wikendi unawahamishia watu vyombo vya nyumba kwa malipo, umewapa sababu ya kukukatalia. Vifaa vilivyomo ndani kwa kawaida havimo katika bima ya gari, bali huhitaji bima yake.

Mwenye pikapu, hata akiwa na bima ya mtu wa tatu peke yake, huenda mkataba wake unagharamia pia mali za watu wengine. Fahamu kwamba bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya inahusu vifo na majeraha ya watu, si mabati yaliyobonyea, na kwa hiyo usidhani kwamba kibandiko cha bima kwenye kioo chake kinakuhakikishia malipo. Mdai yeye mwenyewe kwa barua, ukiambatanisha picha, abstrakti na makadirio ya gereji mbili, nawe umpe muda wa kujibu. Kama ana bima inayofaa, ataipelekea barua hiyo. Akikupuuza, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa ajili ya mambo ya namna hii. Sheria yake ni ya mwaka 2016, mahakama yenyewe ilianza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Unaweza kujisimamia bila wakili. Madai ya uzembe hufungwa baada ya miaka mitatu, lakini nakusihi usingoje hata miezi mitatu.

Kuna kitu kimoja ambacho wenye magari ya kazi hukisahau, nacho huniuma ninaposoma barua zao: siku ambazo gari limelala gereji. Mara nyingi hasara ya siku hizo huzidi bei ya rangi. Mahakama za Kenya hukubali dai la kukosa kutumia gari, ila hulichukulia kama hasara maalumu, yaani ni lazima uitaje kwa kiasi chake katika madai na uithibitishe kikamilifu. Kusema tu kwamba unakosa elfu kadhaa kila siku hakutoshi. Tunza risiti za gari ulilokodi badala ya lako, ujumbe wa wateja walioahirisha kazi, taarifa za M-Pesa za miezi iliyotangulia na nakala za ankara zako. Bila karatasi, fedha hizo zimekwenda.

Tukirudi kwenye gari lenyewe, usikubali kila kitu kifanywe kwa siku moja wala usiache kila kitu. Fungua mlango wa kuvuta polepole, huku umeweka kiganja juu ya bati karibu na reli. Ukisikia unagota au unahitaji kusukumwa mwishoni, reli imepinda, na hiyo ni kazi ya mwanzo kabisa, kwa kuwa gurudumu dogo la mlango litaliwa hadi mlango ukatae kufunga. Kagua na vishikizo vya mitungi ya gesi na vali zake kabla ya kuondoka nayo barabarani. Taa ya nyuma ibadilishwe mara moja. Kisha pitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo: ukucha ukipita bila kukwama, ni tabaka la juu tu lililoguswa na linaweza kungoja, ukikwama na bati likaonekana liking'aa, lisafishwe na kupakwa praima wiki hii hii, kwa sababu mvua moja inatosha kuanzisha kutu. Fundi asijaze kibonyo kirefu kwa filla nene ili kukwepa kazi ya kunyoosha, maana gari la kazi hutikisika na filla hiyo itapasuka. Mwombe pia apake paneli nzima hadi kwenye ukingo wake, akifuata namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha utambulisho. Nyeupe zipo nyingi, na iliyochomwa na jua la Nairobi kwa miaka haifanani na iliyotoka koponi.

SWALI: Ninapika vyakula vya sherehe huko Kasarani na ninaendesha vani yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikitoka kwenye maegesho ya duka moja kubwa nilikwaruza bampa ya gari lililosimama. Nilingoja, mwenyewe hakutokea, nikaacha karatasi yenye simu yangu kwenye kioo. Binamu yangu anasema nimejitafutia shida na kwamba huko si barabarani. Sheria inasemaje?
Mama Mpishi, Kasarani

JIBU: Mama, ulifanya vyema, na binamu yako amekosea. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inapoeleza maana ya barabara inataja pia maegesho ambayo umma unaruhusiwa kuingia. Kifungu cha 73 kinamtaka dereva asimame, ampe anayehusika jina na anwani yake, jina la mwenye gari na nambari ya usajili. Na kama kwa sababu yoyote hakuweza kumpa mtu maelezo hayo, aripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Karatasi hupeperuka au kulowa, kwa hiyo haichukui nafasi ya kuripoti. Ikiwa saa hizo hazijapita, nenda sasa hivi. Ikiwa zimepita, nenda vilevile, maana anayechelewa kwa nia njema yuko mahali bora kuliko anayetafutwa.

Mwenye gari akikupigia, zungumza naye kwa heshima, umwombe picha na makadirio, lakini usitie sahihi karatasi ya kukubali kulipa kiasi fulani kabla hujaiarifu kampuni yako ya bima. Mikataba mingi humkataza mwenye bima kukiri dhima au kuahidi malipo bila idhini yao, na neno lililotolewa kwa wema linaweza kukunyima msaada uliokwisha kuulipia.

SWALI: Ninasambaza nguo kutoka Eastleigh. Mzee wa mkokoteni alipitisha chuma chake ubavuni mwa gari langu nililokuwa nimeliegesha nikipakia. Vijana walitaka nizuie mkokoteni wake hadi alipe. Nilimwachilia. Je, nilipoteza haki yangu?
Msambazaji, Eastleigh

JIBU: Hukupoteza, ndugu yangu, na ninafurahi hukuwasikiliza. Kuzuia mali ya mtu kwa nguvu kungeweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na mkokoteni ule ndio chakula cha nyumba yake. Haki ya kumdai unayo, lakini gharama ya kumfuata mtu asiye na kitu itakuzidi. Kama mnaonana kila siku, andikianeni kiasi kidogo anachoweza kukutumia kwa M-Pesa kwa awamu, mbele ya shahidi mnayemheshimu nyote wawili. Kama hamwonani, ziba bati na uendelee.

La maana zaidi ni namna unavyoegesha. HiAce ya kawaida ina upana wa karibu mita 1.7, na katika vichochoro vile nafasi inayobaki kwa mikokoteni huwa finyu hata ukijibana vipi. Kunja vioo vya pembeni kila unaposimama, pakia alfajiri kabla msongamano haujaanza, na usiku rudi kinyumenyume hadi karibu kabisa na ukuta. Mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu hautafunguka, kwa hiyo mzigo utakuwa salama, na upande wa nyuma hautakuwa na wa kuugonga. Ukiweza, upande wenye mlango wa kuvuta uelekee ukutani pia, kwa sababu ndio upande wenye reli na ndio ghali zaidi kutengeneza.