Kutoa kipande cha hesi kwenye mshale wa kaboni

Ndugu, kutoa kile kipande cha hesi kinachoshika ncha bila kupasua uti (mwili wa mshale) kunategemea gundi iliyokishika. Kama ni ya kuyeyushwa kwa joto, funga ncha ya mazoezi kwenye kipande hicho, pasha moto ncha hiyo tu kwa sekunde chache, kisha vuta kwa koleo huku ukizungusha. Tafadhali moto usiguse kaboni: ikiungua hudhoofika, na mshale dhaifu unaweza kupasuka ukiuachia kwenye upinde, vipande vikakuchoma mkono. Mimi naona kupasha ncha kwa maji yanayochemka badala ya moto ni salama zaidi. Epoksi, gundi ngumu isiyolainika kirahisi, ni kazi nyingine, mara nyingi utaishia kukata uti. Kipande cha kuweka upya, kwa kuwinda mnyama mkubwa chagua cha shaba ya njano kuliko alumini; uzito unakaa mbele, ila uti nao uwe mgumu zaidi.